Fomu Iliyohesabu Kelele

Kila asubuhi mjukuu wangu Kashindye huchota ndoo mbili za maji kwenye pampu, hufagia uwanja, kisha hukaa nami jikoni tukala michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga kabla hajaenda shule. Tunaishi katika kijiji kilicho mbele kidogo ya stesheni ya Igalula, mahali ambapo treni ikipita vyombo hutikisika kabatini. Mwaka ninaousimulia Kashindye alikuwa darasa la saba, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Hatukuwahi kula kwa utulivu. Karibu kila siku Mzee Pazi, jirani yetu wa ng'ambo ya reli, aliingia bila kubisha hodi, fimbo mkononi, sauti yake ikimtangulia.

"Mtumwa wangu, bado unapumua? Nimekuja na jembe nikuzike."

"Tangulia wewe, mcheza ngoma," nilimjibu. "Kaburi lako nimeshachimba. Nasubiri likauke tu, usije ukalowa."

Basi alinyakua sufuria ya michembe akatoka nayo mbio, nami nilimfukuza na mwiko mpaka barabarani. Siku nyingine nilimpata mgongoni. Jioni sufuria ilirudi imeoshwa, na ndani yake mlikuwa na mayai mawili au kipande cha samaki.

Mzee Pazi ni Mzaramo. Alikuja huku kufanya kazi ya reli akiwa kijana, akastaafu, akabaki. Mimi ni Mnyamwezi. Wazee walitusimulia kwamba zamani wapagazi wetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, na njia yao ilipita kwa Wazaramo. Huko waligombana, wakapatana, mwishowe wakawa watani. Mtani hukutukana mbele za watu, hukutishia kifo, hukunyang'anya chakula mkononi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika. Mume wangu alipofariki, Mzee Pazi alijilaza ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Watu walicheka huku wanalia. Alipotoka, alishika koleo na hakuliachia mpaka kaburi likafunikwa. Kisha kwa siku arobaini nikawa nakuta ndoo ya maji mlangoni kwangu. Hakuniambia ni nani aliyeileta, nami sikuuliza.

Utani huo wajukuu wetu waliurithi. Mjukuu wake, Zahir, alikuwa darasa la tano, mwembamba, mwepesi wa maneno. Yeye na Kashindye walitukanana njia nzima ya kwenda shule.

Mwezi ule alikuja dada mmoja kutoka chuo kikuu, jina lake Advera, mwenyeji wa Bukoba. Alikuwa akifanya utafiti kuhusu ukali wa watoto na wa nyumba wanakotoka, katika shule za kando ya reli. Alikuwa binti mwenye heshima. Siku ya kwanza aliniona nikitwanga huku nikishikilia kiwiko kinachoniuma. Alichukua mchi mkononi mwangu, akamaliza kinu chote.

Alikuwa na fomu ndefu. Aliniambia kwamba ilitungwa na wataalamu wa nchi ya mbali, ikajaribiwa kwa watoto wa huko, kisha ikatafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni, kutazama na kutia alama. Mtu akitishia kuua, alama moja. Akitukana, alama. Akinyang'anya au akimpiga mwenzake, alama. Alikaa uwanjani kwangu asubuhi tatu, na kila Mzee Pazi alipofungua kinywa, kalamu ilikimbia. Nilimuuliza kama hataki kujua kwa nini tunapigiana kelele. Alisema kwa upole kwamba fomu haina mahali pa kuandika sababu.

Alipokwenda kwa Renatus, mjomba wa kiranja mkuu Raymundi, alirudi akiisifu nyumba ile. Walikaa kimya, mikono magotini, wakazungumza kwa zamu. Raymundi mwenyewe, kijana wa miaka kumi na minne, alimsalimu akiwa ameinama na kumletea maji kwenye sinia. Nyumba ya Renatus ilipata sifuri. Nyumba yangu ilipata alama arobaini na moja, na katika watoto wote wa shule hakuna aliyempita Kashindye.

Mambo yaliharibika siku ya Ijumaa. Asubuhi, kwenye bomba la shule, Zahir alichomoa karanga mfukoni mwa Kashindye. Kashindye naye, mbele ya wanafunzi kama arobaini, alimkemea kwa sauti ya juu.

"Mzaramo we, leo sikuachi hai. Nauvunja huo mkono unaoibia karanga zangu."

"Njoo uuvunje," Zahir alimjibu huku akitafuna. "Mpagazi gani asiyeweza hata kujibeba?"

Watu walicheka, kengele ikalia.

Saa tisa mchana Zahir alipatikana nyuma ya tanuri la matofali, jirani na shule. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Mdomo ulikuwa umepasuka na umejaa mchanga, kana kwamba mtu alimshindilia ili asipige kelele. Mgongoni palikuwa na mistari iliyovimba, myembamba, mingi kiasi kwamba mwalimu aliyemvua shati aliacha kuihesabu. Alipoulizwa ni nani aliyemfanyia hivyo, alisema ameanguka.

Hakuna aliyeamini. Wanafunzi walikumbuka maneno ya asubuhi, kwani mkono ule ule uliotajwa ndio uliovunjika. Mwalimu Consolatha, mkuu wa shule, alimwomba Advera amwonyeshe fomu, na Advera akamwonyesha. Kashindye aliitwa ofisini. Alisema hakumgusa Zahir. Alichapwa fimbo nne ili aseme kweli, akarudia yale yale. Ndipo aliporudishwa nyumbani na kuambiwa asikanyage shule mpaka kikao cha Jumatatu, ambacho kingeamua kama atafukuzwa. Mtoto akifukuzwa wiki tatu kabla ya mtihani, miaka saba yote imekwenda na maji.

Alifika nyumbani akitembea kwa shida. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Sikumuuliza kama amefanya au hajafanya. Nilimuuliza amekula nini.

Jua lilikuwa halijazama aliposhuka Shomari kutoka upande wa reli. Shomari ni mwana wa Mzee Pazi, baba yake Zahir, na siku zote hunipa shikamoo kabla hajafika hatua kumi. Siku hiyo hakunisalimu. Macho yalikuwa mekundu, mkononi ameshika rungu.

"Mtoe nje," aliniambia. "Mtoe, ama naingia mwenyewe."

Nilisimama mlangoni nikaishika miimo kwa mikono miwili. Nilimwambia mtoto hatoki na yeye haingii. Alinivuta bega nikaangukia magoti. Kashindye alipiga yowe akatoka ndani kunishika, na hapo Shomari alimwona, akainua rungu.

Sikumwona Mzee Pazi akija. Nilisikia tu nyayo zake, kisha akawa kati yao. Rungu lilikuwa tayari linashuka. Lilimpata kwenye paji la uso, na mlio wake bado nausikia. Damu ilimwagika mpaka kwenye kanzu. Aliyumba, lakini alibaki ametandaza mikono mbele ya mjukuu wangu.

"Huyu mtumwa wangu mimi," alimwambia mwanawe. "Hapigwi na mtu mwingine."

Shomari aliliangusha rungu. Mzee Pazi alijikalisha polepole chini, akanitazama kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa limejaa damu.

"Mnyamwezi, niletee maji. Na usifurahi, sijafa."

"Umeniangusha sana," nilimwambia huku machozi yakinitoka. "Sanda nilikuwa nimeshakata."

Alicheka, akashika kichwa kwa maumivu.

Kumbe Advera alikuwa amesimama kwenye uzio na barua ya shule mkononi. Alikuja mbio, akavua mtandio wake mpya akaufunga kwenye jeraha, akaukaza kwa mikono iliyojua kazi. Tulipompeleka Mzee Pazi zahanati akashonwa, Advera alirudi nami. Tulipofika uwanjani aliniuliza swali moja tu: kwa nini mtu mwenye alama nyingi za ukali kuliko wote kijijini amepokea pigo kwa ajili ya mtoto anayesemekana kumvunja mjukuu wake?

Nilimweleza utani kama nilivyowaeleza ninyi. Niliongeza kwamba una mipaka yake. Hufanywa mbele za watu, kwa sababu bila mashahidi ni matusi tu. Haumwagi damu. Na mtani lazima aweze kukujibu. Asipoweza, hana mtani, ana adui.

Advera alifungua mkoba akatoa fomu. Aliisoma mstari kwa mstari kama aliyepewa barua ya mtu mwingine.

"Bibi, mimi nimehesabu kelele," alisema. "Nimehesabu kelele tu."

Nilimwambia kesho tunakwenda kumwona Zahir, na kama anapenda afuatane nasi. Kashindye aliogopa kwenda. Nilimwambia mgonjwa ni mtani wake, na asipokwenda, hapo ndipo watu watakuwa na haki ya kumshuku.

Jumamosi asubuhi mimi, Kashindye na Advera tulimkuta Zahir amelazwa zahanati, kitanda cha dirishani, mkono umefungwa kwa vibao na bendeji, akingoja gari la kumpeleka hospitali ya mjini. Baba yake alikuwa amekaa miguuni pake. Shomari alinipa shikamoo kwa sauti ya chini, bila kuinua uso. Niliitikia marahaba, nikakaa karibu naye, kwa sababu najua usiku ule hakulala.

Kashindye alisimama mlangoni. Nilimwashiria kwa kichwa aanze.

"Mzaramo," alisema, sauti imemkauka. "Hujafa tu? Nimetembea bure jua lote hili."

Zahir aligeuka. Uso wote ulikuwa umevimba, lakini jicho lake liling'aa.

"Nilikungoja ufike kwanza," alijibu kwa taabu. "Nani atabeba jeneza kama si mpagazi?"

Walicheka wote wawili, kisha Kashindye akalia. Shomari aliinua kichwa akamtazama mwanawe, akamtazama na mjukuu wangu. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba mtoto hacheki namna ile na mtu aliyemshindilia mchanga mdomoni.

Wakati huo Raymundi aliingia. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, mkononi ana machungwa kwenye mfuko. Alitusalimu mmoja mmoja kwa kuinama. Alisema kwa sauti laini kwamba amekuja kumjulia hali mdogo wake.

Nilikuwa namtazama Zahir. Kicheko kilizimika usoni. Alijivuta mpaka mgongo ukagusa ukuta, na mkono usiovunjika ukaanza kukunjakunja shuka. Kisha shuka likalowa. Alikuwa amejikojolea, mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Raymundi aliliona hilo, akatabasamu kidogo. "Huyu mtani wangu, Bibi," aliniambia. "Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Huwa ananiogopa kwa utani tu."

Maneno hayo niliyajua. Mara mbili nilimkuta amemkaba Zahir shingo karibu na tanuri, akaniambia hivyo hivyo, nami nikapita zangu nikicheka.

"Vizuri," nilimwambia. Nikamgeukia mtoto kitandani. "Zahir, mjukuu wangu, huyu anasema ni mtani wako. Basi mtanie. Sema lolote, tuko wengi hapa."

Zahir alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Mtoto yule, ambaye dakika moja nyuma alikuwa na jibu la jeneza, alishindwa kutoa hata neno moja.

Kashindye alijipangusa machozi akasogea mbele.

"Bibi, mimi nimewaona," alisema. "Mara tatu. Raymundi anamvutia nyuma ya tanuri, anamchapa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Zahir halii, kwa sababu akilia anaongezwa. Mara ya kwanza nilicheka, nikadhani ni utani. Mara ya tatu nilijua siyo. Nikaogopa kiranja atanigeukia mimi."

Raymundi alisema anasingiziwa. Alisema kwa sauti ile ile laini, na kama usingetazama macho ya Zahir ungemwamini. Lakini Zahir alikwisha kupata pa kuanzia. Alieleza yote: tyubu, mchanga, goti lililowekwa juu ya mkono mpaka ukalia. Alisema Raymundi alimwambia akitaja jina lake, safari ijayo itakuwa shingo.

Shomari aliinuka. Nilimshika mkono. Kwa bahati alikuwa ameshajifunza jana yake rungu linakoishia. Alikaa tena, akafunika uso. Na Advera, aliyekuwa amesimama kwenye kona, ndiye aliyemwendea Raymundi. Hakumfokea. Alimuuliza kuchapa namna ile alijifunza wapi, akamwomba avue shati.

Kijana alikataa. Kisha, sijui ni kwa nini, labda kwa sababu aliombwa na hakuamriwa, alifungua vifungo. Mgongo wake ulikuwa na mistari ile ile ya Zahir. Mingine ya zamani imegeuka nyeusi, mingine bado mibichi. Alituambia mjomba wake alimchapa kila wiki, mlango umefungwa na redio imewashwa, na alikuwa amemfundisha kwamba mwanamume hapigi kelele. Hiyo ndiyo nyumba iliyopata sifuri.

Nilimvisha shati lake. Nilimwambia kwamba alichomfanyia Zahir ni uovu na atauwajibikia, na alichofanyiwa yeye ni uovu pia. Machungwa nilimrudishia, nikammenyea moja. Alilila akilia bila sauti.

Jumatatu kikao kilikaa, lakini si cha kumfukuza Kashindye. Afisa ustawi wa jamii alikuja kutoka wilayani. Raymundi alivuliwa ukiranja, akasimamishwa shule kwa muda, akahamishiwa kwa shangazi yake Bukene ambako anafuatiliwa na afisa huyo, na Renatus aliitwa polisi kujibu ya kwake. Mwalimu Consolatha alimwita mjukuu wangu mbele ya paredi. Aliwaambia wanafunzi wote kwamba amemchapa mtoto asiye na hatia kwa sababu aliamini karatasi kabla ya kuuliza, na akamwomba radhi. Si kila mkubwa anaweza hilo. Kashindye alirudi darasani siku hiyo hiyo, na alifanya mtihani pamoja na wenzake.

Advera alikuja kuniaga. Aliniambia ameandika barua chuoni kwao kwamba majibu aliyokusanya kwetu hayafai, kwa kuwa kipimo kilitengenezwa kwa watu wengine, na kabla ya kukitumia tena watakaa na wenyeji wawaulize nini maana ya tusi, nini maana ya kimya. Alikiri pia kwamba alikosea kuonyesha majina ya watoto. Nilimpa asali chupa moja, naye akaniachia dawa ya kuchua kiwiko.

Jioni hiyo Kashindye alikaa karibu nami tukimenya karanga. Alikuwa na hasira bado.

"Dada Advera ni msomi," alisema. "Aliwezaje kukosea vile, Bibi? Fimbo nne zile ni zake."

"Alikosea kwa sababu hakutujua," nilimjibu. "Alipotujua, alikubali kosa na kulirekebisha. Mtu wa namna hiyo usimchukie. Ukienda ugenini siku moja, na wewe uulize kwanza kabla hujahukumu."

Aliinamisha kichwa. Neno lililobaki lilikuwa zito, na lilikuwa langu pia.

"Lakini sisi, Kashindye, tulijua. Tulijua utani ni nini na mpaka wake uko wapi. Mimi nilimwona Zahir amekabwa, hajibu, nikapita nikicheka. Wewe ulimwona mara tatu. Advera aliona utani akauita ukatili. Sisi tuliona ukatili tukauita utani, kwa kuwa ilikuwa rahisi kucheka kuliko kusimama. Kosa letu ni kubwa kuliko lake. Tangu leo ukiona mtu anataniwa, usimsikilize anayesema. Mtazame anayeambiwa. Kama hawezi kujibu, usicheke. Nenda kamwite mtu mzima, na kama mtu mzima naye anacheka, nenda kwa mwingine."

Aliacha karanga, akaniuliza kama tunaweza kwenda kumwambia Zahir, ambaye alikuwa amesharudi kutoka hospitali, kwamba tuliona tukacheka, yeye na mimi, kwa maneno yetu wenyewe. Nikachukua kanga yangu, tukaenda.